Mwalimu Mstaafu wa Ihanja na Soko la Ualimu Ughaibuni
Safu ya kila wiki, na Hamisi Mghenyi

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na analazimika kustaafu akifikisha 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wameongezewa hadi 65; mwalimu wa shule ya msingi hakuongezewa. Kwa kata kama Ihanja, wilayani Ikungi, mkoani Singida, maana yake ni kwamba watu wenye afya njema na miaka thelathini na zaidi ya kushika chaki hukabidhi ofisi na kurudi kwenye shamba la alizeti na banda la kuku wa kienyeji wakiwa bado na nguvu za kusimama darasani. Miongoni mwao wapo wanaofikiria kwenda kufundisha nje ya nchi, hasa wale waliobeba somo la Kiingereza.

Sababu ya fedha haifichiki. Kikokotoo cha mafao kilichoanza Julai 2022 kilishusha mkupuo wa mstaafu wa serikali kutoka asilimia 50 hadi 33, na bajeti ya mwaka 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40. Kinachobaki hulipwa mwezi kwa mwezi hadi mwisho wa maisha. Mstaafu mwenye watoto chuoni na nyumba ambayo haijaezekwa huona pengo mapema sana.

Mwalimu mzee wa Kiingereza anayevuka mipaka si jambo geni duniani. Peace Corps ya Marekani haina kikomo cha juu cha umri kwa wanaojitolea, na Waingereza wastaafu wamekuwa wakifundisha lugha yao Asia na Amerika ya Kusini kwa miongo mingi. Tanganyika yenyewe ilipokea walimu wa sekondari kutoka Marekani kuanzia 1961, katika mpango ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Columbia kwa ajili ya Afrika Mashariki. Lakini njia waliyopitia wao haiko wazi kwa mstaafu wa Ihanja, na kinachomzuia kwanza ni pasipoti, kabla hata ya umri.

Korea Kusini hutoa viza ya mwalimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania hayumo, awe na miaka 25 au 60, awe amekiboresha Kiingereza chake kiasi gani. China hutaka mwalimu wa lugha awe, kwa kawaida, anafundisha lugha ya nchi yake, awe na shahada na uzoefu wa miaka miwili, na asiwe amevuka miaka 60. Mwalimu wa daraja la A, mwenye cheti bila shahada, aliyestaafu kwa lazima tayari amepoteza sifa mbili kabla hajaandika barua ya maombi. Kumwambia aende kusoma kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni ili afikiriwe katika nchi hizo ni kumpotezea kiinua mgongo.

Kwa majirani kuna nafasi zaidi kidogo. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na Sudan Kusini ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ilipopata uhuru 2011. Walimu wa Uganda na Kenya waliingia huko kwa wingi, kwa kuwa wamesoma kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini. Mtanzania aliyefundisha hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili maisha yake yote hashindani nao kirahisi, na ukweli huo usisemwe kwa haya. Elimu ya msingi ya Tanzania ilichagua Kiswahili miaka ya sitini, na uchaguzi huo ulimjenga mwalimu wa aina nyingine.

Mwalimu huyo wa aina nyingine ndiye anayetafutwa sasa. Agosti 2019, mkutano wa SADC uliofanyika Dar es Salaam ulikiingiza Kiswahili katika lugha rasmi za jumuiya hiyo. Novemba 2021, UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Februari 2022, Umoja wa Afrika ulikifanya lugha yake ya kazi. Rwanda ilikuwa imekwishakifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe shuleni. Nje ya bara, Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China kimefundisha Kiswahili tangu miaka ya sitini. Chuo Kikuu cha Hankuk, Korea Kusini, kilianzisha idara ya Kiswahili mwaka 1983. London, Paris, Leipzig na Bayreuth zina wahadhiri na wanafunzi. Kigezo kile kile kinachotaka mwalimu afundishe lugha ya kwao humfungia Mtanzania mlango wa Kiingereza na kumfungulia wa Kiswahili.

Hapa mwalimu wa Ihanja ana jambo ambalo wasomi wa mijini huwa hawalioni. Watoto wengi wa huko huingia darasa la kwanza wakizungumza Kinyaturu. Mwalimu wa madarasa ya chini hupokea mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha salamu na vitu vichache vya dukani, na baada ya miaka miwili anatakiwa awe anasoma, anaandika na anahesabu kwa lugha hiyo. Miaka yote hiyo mwalimu anafundisha lugha ya pili: kwa picha, kwa vitendo, kwa nyimbo, kwa kurudia bila kukebehi. Mwalimu wa Unguja mjini aliyepokea watoto wanaokizungumza tangu kuzaliwa hakupitia shule hiyo.

Hata hivyo uzoefu huo hautoshi, na asiyeambiwa mapema ataumia mbele ya wanafunzi. Kinyaturu ni lugha ya Kibantu, kwa hiyo mtoto wa Ihanja huja na mfumo wa ngeli kichwani. Kijana wa Seoul hana pa kuegemea. Akiandikiwa ubaoni "kitabu changu kimepotea", atauliza kwa nini "ki-" imejirudia na kugeuka "ch-" katikati, na kwa nini haionekani kwenye "mtoto wangu amepotea". Mwalimu anayejibu kwamba ndivyo inavyosemwa hatarudiwa na mwanafunzi huyo. Kufundisha mgeni mtu mzima kunadai sarufi ielezwe kwa utaratibu, vitabu vya ngazi tofauti, na subira na mtu anayeuliza maswali magumu katika wiki ya kwanza. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, huendesha mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na lina kanzidata ya wataalamu wa lugha hii. Mstaafu anayekusudia kazi hii aanzie hapo, kabla ya pasipoti na kabla ya wakala yeyote.

Kuna milango ambayo itabaki imefungwa hata baada ya mafunzo. Vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani huajiri wenye shahada ya uzamili au uzamivu. Mpango wa Fulbright unaopeleka walimu wa lugha katika vyuo vya Marekani hupokea wenye umri wa miaka 21 hadi 29. Shule za serikali za nchi jirani zina umri wao wa kustaafu: Uganda na Kenya ni 60, Rwanda 65. Kinachobaki kwa mwenye miaka 60 na cheti cha ualimu ni shule binafsi, vituo vya lugha, taasisi za dini na mashirika yanayopeleka watumishi wao Afrika Mashariki. Nafasi hizo zipo, lakini nyingi ni za mkataba mfupi na mshahara wa wastani, na hata ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kibali cha kazi bado kinahitajika.

Ipo pia njia isiyohitaji viza wala kibali cha kazi ugenini: kufundisha kwa intaneti ukiwa nyumbani. Majukwaa kama italki na Preply hupokea walimu wa Kiswahili bila kikomo cha juu cha umri, na mwalimu hujipangia bei. italki hukata asilimia 15 ya malipo. Preply huchukua fedha yote ya somo la kwanza la majaribio, kisha asilimia 33 inayopungua hadi 18 kadiri saa za kufundisha zinavyoongezeka. Ratiba ya dunia inamfaa mtu wa Ihanja kuliko inavyodhaniwa. Saa mbili usiku ya Beijing ni saa tisa alasiri ya Singida. Saa kumi na mbili jioni ya Berlin ni saa moja jioni au saa mbili usiku, kutegemea majira. Taabu iko Marekani: anayetoka kazini New York saa moja jioni atamkuta mwalimu wake akiwa katikati ya usingizi, saa nane au tisa usiku. Mahitaji ni simu nzuri au kompyuta, bando la kutosha, umeme usiokatika katikati ya somo, na chumba ambacho jogoo hawiki dirishani. Wanafunzi huja polepole, na miezi ya mwanzo mapato ni madogo. Mkupuo usitumike kununulia vifaa vya gharama kubwa kabla mwalimu hajapata wanafunzi wa kudumu.

Anayeamua kusafiri ajiandae na karatasi, na karatasi huwachosha wastaafu kuliko safari yenyewe. Kisa cha kawaida ni cha majina. Cheti cha darasa la saba kimeandikwa jina la babu mwishoni. Cha kidato cha nne kimeacha jina hilo. Cha ualimu kimeongeza jina la ubatizo. Kitambulisho cha NIDA kimekuja na herufi moja tofauti. Mwajiri wa nje huona watu wanne. Tofauti hizo hurekebishwa kwa kiapo cha majina mbele ya wakili au mahakamani, na huchukua muda kwa mtu ambaye kila ofisi anayoihitaji iko nje ya kata yake. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, hugharimu shilingi 150,000. Cheti cha polisi huhitaji alama za vidole.

Pensheni nayo isisahauliwe. Mfuko wa pensheni wa PSSSF huhakiki wastaafu, na asiyehakikiwa anaweza kusitishiwa malipo. Siku hizi uhakiki unafanyika kwa simu, kwa hiyo aliye mbali ahakikishe namba na taarifa zake ziko sawa kabla ya kuondoka. Kadi ya bima ya afya ya NHIF ya mstaafu na mwenza wake haitibu nje ya nchi. Mtu wa miaka 60 mwenye shinikizo la damu asikubali mkataba usiotaja bima ya afya.

Matapeli wanajua tarehe ambazo wastaafu hulipwa. Barua zao zinafanana: nembo ya shule, mshahara mkubwa mno, hakuna usaili, na ada ya viza itumwe ndani ya siku chache kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mtafuta kazi. Kwa Tanzania, wakala halali ni yule aliyesajiliwa na serikali, na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, ndipo mahali pa kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Halmashauri ya Ikungi inajua mapema ni walimu gani watatimiza miaka 60 mwaka ujao. Orodha hiyo ipelekwe BAKITA, na mafunzo ya kufundisha wageni yatolewe Singida, kabla ya siku ya kustaafu, wakati mwalimu bado ana mshahara wa kulipia nauli. Na wizara husika inapojadiliana na Uganda, Rwanda au Afrika Kusini kuhusu walimu wa Kiswahili, kipengele cha umri kiandikwe hadi miaka 65 au 70 kwa wenye afya. Walimu wapo, na wengi wao wako tayari kuondoka hata mwezi ujao.