Taa Nyekundu Iliyomshitaki Mtoto

Juma hili tumeiweka kando mada ya mahari tuliyoiahidi, kwa kuwa limetufika jambo la nyumbani ambalo tunaona haya kulinyamazia. Na haya yenyewe ni yetu sisi, si ya mwingine.

Marehemu mjomba wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Mwaka 1989 alirejea Tanga kutoka Marekani na mashine ya michezo ya televisheni, ile ya Nintendo yenye umbo la sanduku la kijivu, inayomeza kaseti kwa mbele mfano wa deki ya video. Watoto wa mtaa walijaa barazani wakingoja zamu. Mwenyewe hakupenda ila mchezo mmoja, The Legend of Zelda, wenye kaseti ya rangi ya dhahabu. Akiucheza baada ya isha mpaka tukamtania kwamba ameoa mke wa pili. Kaseti hiyo ina sifa ambayo nyingi za wakati ule hazikuwa nayo: huhifadhi jina la mchezaji na mahali alipofikia. Jina la mjomba lilikuwamo. Tangu afariki, mkaza mjomba alikuwa na ada ya kuiwasha mara mojamoja, akalitazama jina lile kwenye kioo, kisha akazima.

Mwezi uliopita aliwasha, asilione. Kioo kilikuwa kikija na kutoweka, na taa nyekundu ya mashine ikipepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni. Ikabainika kwamba mjukuu wake wa miaka 11 aliigusa mashine siku mbili kabla. Mtoto alikiri kuiwasha, akakana kuiharibu. Tulipoulizwa rai yetu kwa simu, sisi ambao kila juma tunawaandikia wazazi juu ya subira, tulijibu: "Basi nani mwingine?" Neno hilo likawa hukumu. Tuliambiwa baadaye kwamba kijana alikuwa akila peke yake jikoni, kwa hiari yake, na kwamba hakulia.

Tulipofika Tanga tulimchukua fundi wa redio wa karibu na soko, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Hakuuliza nani aliigusa. Aliuliza, "Umeme wake unatoka wapi?" Swali la haki, kwa sababu adapta ya mashine hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, nao wetu ni 230, aichomekaye ukutani moja kwa moja huiunguza. Mjomba alikuwa amenunua transfoma ya kupunguza umeme, na ilikuwa mahali pake. Fundi akapima adapta kwa mita, akakuta umeme upo, tena ni wa mkondo geu kama inavyotakiwa. Alitueleza kwamba mashine za Nintendo zilizouzwa Japani tangu mwaka 1983 hutaka mkondo mnyoofu, na kwamba wapo waliozikaanga kwa kuzipa adapta ya Kimarekani kwa kuwa tundu zinafanana.

Kisha akatufunza kuisoma taa. Isipowaka kabisa, kasoro itafutwe kwenye umeme. Ikiwaka imara na kioo kikabaki na rangi tupu, umeme upo lakini mchezo hausomeki vizuri. Ikipepesa, kuna ugomvi wa walinzi wawili. Ndani ya mashine hii, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985, mna chipu ya ulinzi, na ndani ya kila kaseti iliyoidhinishwa mna chipu mwenzake. Mashine inapowashwa, chipu hizi huanza kusemezana. Zisiposikilizana, ile ya mashine huirudisha kazi yote mwanzo, takribani mara moja kwa sekunde, bila kuchoka. Kampuni iliweka hila hiyo kuzuia kaseti za watu wasio na idhini yake. Lakini mlinzi huyo hana macho: kaseti halali yenye uchafu huifanyia yaleyale anayoifanyia ya bandia.

Kwa hiyo swali likawa, ni nini kimewazuia kusikilizana?

Fundi alifungua skrubu za chini, akatoa kiunganishi, kipande cheusi chenye pini 72 ambazo hushika ukingo wa kaseti. Hapo ndipo penye udhaifu wa mashine yote. Waliobuni mashine walitaka ifanane na deki ya video, isionekane mchezo wa watoto. Ndiyo maana kaseti huingizwa kwa mbele kisha husukumwa chini. Kila msukumo hukunja pini kidogo, na baada ya miaka hazibani tena. Hizi zilikuwa zimelegea, na zilikuwa na kutu ya kijani. Alipopangusa ukingo wa kaseti kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, pamba ilitoka nyeusi kama masizi ya chungu.

"Mlikuwa mkizipuliza?" akauliza.

Tulitazamana na mkaza mjomba. Nani asiyekumbuka? Mjomba alikuwa akiipuliza kila kaseti kama apulizaye makaa, nasi tukimwiga. Pumzi ina unyevu, na unyevu juu ya madini, katika mji wenye hewa ya chumvi, hufanya kazi yake taratibu. Kutu ile ilianza kabla kijana hajazaliwa. Pumzi zetu zilikuwamo.

Fundi alikichemsha kiunganishi dakika chache ndani ya sufuria, akakikausha juani mpaka alasiri, kisha akaziinua pini moja moja kwa sindano. Alisema iko njia ya mkato, kuikata pini ya nne ya chipu ya ulinzi ili taa iache kupepesa. Tuliikataa. Taa ingetulia na uchafu ungebaki palepale. Viunganishi vipya vya bei nafuu navyo, alisema, vingi hung'ang'ania kaseti hata kuitoa ni vita.

Alipoirudisha na kuwasha, taa ilitulia na picha ikaja. Mkaza mjomba akasogea. Ukurasa wa majina ukafunguka: nafasi tatu, zote tupu.

Hakuna aliyesema neno, lakini macho yalikwenda mlangoni alikosimama kijana. Macho yetu pia yalikwenda huko, nalo tunalikiri. Tulilishika neno mdomoni, tukamwomba fundi aifungue kaseti yenyewe. Ndani mlikuwa na betri ya mviringo mfano wa sarafu, iliyolehemiwa. Ndiyo inayolinda kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa. Yapasa kuwa na volti 3. Mita ilisoma volti 1.2. Fundi akatikisa kichwa: kumbukumbu haishikiki kwa nguvu hiyo, awe ameigusa mtu au hakuigusa. Ni kweli kwamba kule kupepesa nako huweza kuvuruga kilichohifadhiwa, lakini hapa hapakuwa na kitu tena cha kuvuruga.

Tulimwita kijana, tukamwomba radhi mbele ya wale wale waliotusikia tukimhukumu. Alisema, "Haidhuru, ami," kwa adabu iliyotuuma kuliko kama angetukasirikia. Wako wasomaji watakaosema mtoto haombwi radhi, kwamba heshima ya mkubwa hupungua. Hatuoni inapungua wapi.

Fundi akalehemu betri mpya. Mkaza mjomba, aliyekuwa kimya muda wote, akamwambia mjukuu wake aandike jina. Mchezo huo haukubali zaidi ya herufi nane, na jina la mjomba lina sita. Bibi alikuwa akitaja, kijana akitafuta herufi kwa kitufe, taratibu, akirudi nyuma alipokosea. Walipomaliza, bibi alinyoosha mkono kuzima.

"Ngoja, Bibi," akasema kijana. "Kwanza ubane RESET, usiiachie, ndipo uzime. La sivyo litafutika." Akauchukua mkono wake, akauweka juu ya kitufe.