Majibu Mawili, Hesabu Moja

Katika nyumba nyingi za kambini, usiku ndio wakati wa vitabu. Baba yuko zamu, mama amekwisha kuondoa vyombo, na watoto wa kidato cha sita wanagawana meza na taa moja. Hapo ndipo ugomvi wa hesabu huzuka. Kaka ana jibu lake, dada ana lake. Mmoja hukata tamaa, akafuta kazi yake yote. Mara nyingi hufuta jibu lililo sahihi.

Mfano ni huu: ∫ x(x² + 1)² dx. Alama hiyo ya mbele iliandikwa kwanza na Mjerumani Gottfried Leibniz mwaka 1675. Ni herufi S iliyorefushwa, ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Kazi yenyewe huitwa intigresheni, nayo ni kinyume cha diferensiesheni.

Kaka alifungua mabano, akapata x⁵ + 2x³ + x. Kila kipeo akakiongezea 1, kisha akagawanya kwa kipeo kipya. Jibu lake: x⁶/6 + x⁴/2 + x²/2 + C.

Dada alibadilisha herufi. Aliweka u mahali pa x² + 1. Kwa hiyo du ni 2x dx, na x dx ni nusu ya du. Ikabaki nusu ya u² tu. Jibu lake: (x² + 1)³/6 + C.

Ni nani aliyekosea? Hakuna. Jibu la dada likifunguliwa, hutoa lile lile la kaka, na 1/6 juu yake. Sehemu hiyo ni namba isiyobadilika, nayo humezwa na C. Basi C si pambo la kuandikwa au kuachwa.

Je, ifuatwe njia ipi? Kipeo cha mabano kingekuwa 9, mwenye kufungua angepata vipande 10, ilhali mwenye kubadilisha angefika upesi kwenye (x² + 1)¹⁰/20 + C. Lakini ile x ya nje ikiondolewa, ikabaki (x² + 1)² peke yake, u haisaidii tena, kwa kuwa hakuna x ya kuungana na dx. Hapo mabano hayana budi kufunguliwa: x⁵/5 + 2x³/3 + x + C.

Mzazi ambaye hakuyasoma haya bado anaweza kumsaidia mwanawe kwa swali moja: “Umelirudisha jibu nyuma?” Jibu likifanyiwa diferensiesheni, sharti litoe swali lile lile lililoulizwa. Askari wa lindo hampitishi mtu kabla ya kumhakikisha. Na mwanafunzi naye asifute jibu kabla ya kulihakikisha.