Ada ya kozi ya roboti si fedha ya kutupa

Wiki iliyopita mfanyabiashara mmoja wa vitenge, msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu, alinivuta pembeni akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Bwana mdogo, wewe umesomea biashara. Mwanangu anataka nimlipie ada akasome kuziandikia programu roboti nyingi zifanye kazi kwa pamoja. Na roboti zenyewe hawazigusi, wanaziigiza kwenye kompyuta tu. Hiyo ni kazi au mchezo?" Nilimwomba anipe wiki moja. Jibu langu ni kwamba alipe, lakini kwa sharti moja.

Tuanze na fedha. Mwaka 1999 kampuni ya Webvan ya Marekani, iliyokuwa ikiuza vyakula kwa njia ya intaneti, iliuza hisa kwa umma na kukusanya dola milioni 375. Ilipofika Julai 2001 ilikuwa imefilisika, na wenye hisa wakabaki na karatasi. Mmoja wa waliowahi kuifanyia kazi, Mick Mountz, aliona kuwa ugonjwa mmojawapo ulikuwa ndani ya bohari: gharama ya kukusanya bidhaa za kila mteja ilikula faida yote. Mwaka 2003 alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Kiva Systems, akishirikiana na Peter Wurman na Raffaello D'Andrea.

Huyo D'Andrea ndiye anayetuhusu. Alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, na timu ya wanafunzi wake ilitwaa ubingwa wa dunia wa soka la roboti ndogo katika miaka ya 1999, 2000, 2002 na 2003. Roboti tano kila upande, hakuna binadamu anayezishikia usukani. Wapo waliouona huo kuwa mchezo wa watoto. Lakini roboti zinazojua kupishana uwanjani zinaweza kupishana bohari pia. Katika mfumo wa Kiva mfanyakazi hazunguki kutafuta bidhaa. Yeye husimama mahali pamoja, na roboti huingia chini ya rafu, huiinua na kumletea. Mwezi Machi 2012 Amazon iliinunua Kiva kwa dola milioni 775, na mwaka 2025 ilitangaza kuwa imefikisha roboti milioni moja katika shughuli zake.

Sasa, ni nini hasa kinachofundishwa? Kuiongoza roboti moja si kazi kubwa sana. Shida huanza zikiwa nyingi: nani aende wapi, nani ampishe nani kwenye njia nyembamba, na mmoja akizimika nani atachukua kazi yake. Njia mojawapo ya kulijibu hilo ni mnada, jambo ambalo msomaji wetu analijua kuliko profesa. Kazi hutangazwa, kila roboti hutaja gharama yake, na yenye gharama ndogo hupewa. M. Bernardine Dias wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliandika tasnifu yake ya mwaka 2004 juu ya mfumo wa namna hiyo na kuuita TraderBots, yaani roboti wafanyabiashara.

Hata hivyo, mnada una mtego wake. Chukua roboti mbili na kazi mbili, na kila moja ifanye kazi moja tu. Ya kwanza iko mita 4 kutoka kazi A na mita 5 kutoka kazi B. Ya pili iko mita 6 kutoka A na mita 20 kutoka B. Ukinadi kazi A peke yake, roboti ya kwanza inashinda kwa mita 4, na roboti ya pili inalazimika kwenda B kwa mita 20. Jumla 24. Ungezipanga kwa pamoja, ya kwanza ingekwenda B na ya pili A, jumla mita 11. Wangapi kati yetu tumewahi kukimbilia bei nafuu ya asubuhi, tukalipa zaidi ya mara mbili jioni? Mwanafunzi hulitambua kosa hilo ndani ya kompyuta, bila kuvunja hata gurudumu moja.

Ndiyo maana uigizaji si wa kubezwa. Programu ya Webots, iliyoanzia chuo cha EPFL mjini Lausanne mwaka 1996, ilikuwa ikiuzwa kwa miaka mingi, lakini tangu Desemba 2018 hupatikana bure. Kwa hiyo mtaji unaotakiwa ni kompyuta, umeme na mwalimu anayejua.

Sharti langu ni hili. Kompyuta hudanganya. Ndani yake sakafu haina vumbi, gurudumu haliteleze na betri haichakai. Georgia Tech ilifungua mwaka 2017 maabara iitwayo Robotarium, ambako mtu aliye mbali aliweza kutuma programu yake ikajaribiwa kwenye roboti za kweli. Mzazi na aulize chuo: ni lini programu ya mwanangu itawekwa kwenye roboti ya kushikika, hata ndogo? Wasipokuwa na jibu, fedha ibaki mfukoni.

Sitarajii rafu zinazotembea katika maghala yetu kesho, maana nguvu ya kuli bado ni rahisi kuliko mashine. Lakini kugawa oda kwa waendesha pikipiki ishirini ni hesabu ile ile. Aidha, wenye akiba ndogo wasikurupuke kununua hisa za kila kampuni yenye neno roboti. Baada ya mauzo ya 2012, wateja wa Kiva walijikuta msambazaji wao ameingia mikononi mwa Amazon. Quiet Logistics, mmoja wao, ikaamua kutengeneza roboti zake yenyewe, na humo ikazaliwa Locus Robotics. Isingekuwa na watu wenye ujuzi huo, ingebaki kubembeleza.

Nilimweleza hayo yule mzee wa vitenge juzi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama chuo kinapokea ada kwa awamu.