Wito Haulipi Kodi ya Nyumba

Leo nina la moyoni. Nikitaja mshahara wa manesi, mnaniambia uuguzi ni wito. Tukihamia kwenye mpira, kaka zangu mnaimba wimbo uleule: wachezaji wa zamani walicheza kwa mapenzi, wa leo wana tamaa ya hela. Jamani, nani kawadanganya?

Hapa Bradford ninapoishi kuna jina halisahauliki: Jimmy Speirs, Mskochi, mzaliwa wa Glasgow, 1886. Alichezea Rangers na Clyde kwao, halafu 1909 akaja Bradford City kutafuta riziki, kama sisi wabeba boksi. Aprili 1911, akiwa nahodha, alifunga bao pekee kwenye mechi ya marudiano pale Old Trafford. Newcastle wakalala 1-0, Kombe la FA likaja Bradford. Klabu haijalitwaa tena mpaka leo.

Sasa njooni kwenye hela. Tangu 1901, FA iliweka kikomo: mchezaji asizidi pauni 4 kwa wiki. Mwaka 1910 wakalegeza kidogo, waliotumikia muda mrefu wakaweza kufika 5. Desemba 1912 Speirs akauzwa Leeds City kwa pauni 1,400. Pigeni hesabu: hata kwa pauni 5, huo ni mshahara wa wiki 280, zaidi ya miaka mitano! Na ada ilikwenda kwa klabu. Tena mkataba wa mchezaji ukiisha, klabu bado ilimshikilia. Bila ruhusa yake hachezi timu nyingine ya ligi. Hayo ndiyo mnayaita mapenzi?

Moyo alikuwa nao, sikatai. Ana mke na watoto wawili, akajitolea jeshini 1915, akapata nishani ya ushujaa, akauawa vitani Ubelgiji Agosti 1917, akiwa na miaka 31. Mtu wa moyo namna hiyo ndiye aliyebanwa. Ndivyo ilivyo: mwenye moyo ndiye anayepunjwa, maana wanajua hataiacha kazi.

Na kikomo kile hakikuondolewa kwa huruma. Kiliondolewa 1961, baada ya wachezaji kutishia kugoma.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaosomea unesi, ipendeni kazi na mdai chenu. Nesi anayelipwa vizuri hamdhuru mgonjwa. Anayemdhuru ni aliyeunganisha zamu mbili ili apate nauli.

Haya, mawe nayasubiri kwenye maoni. Nitajibu nikitoka zamu ya usiku.