Tusome Kwanza, Tuhakiki Baadaye

Mficha uchi hazai. Kwa hivyo naanza makala haya kwa ungamo ambalo nimelificha kwa takriban miaka saba. Nilipokuwa katika mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, niliandika insha ya kurasa nane kuhusu tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Nilijadili migogoro, nikachambua wahusika, nikataja ishara na taswira, kisha nikahitimisha kwa kauli nzito kuhusu ukombozi wa Mwafrika. Nilipewa alama ya juu, na insha ikasifiwa mbele ya darasa. Aibu yangu ni kwamba sikuwa nimeisoma tamthilia yenyewe. Nilikuwa nimesoma muhtasari, maelezo ya darasani na makala mawili ya wahakiki waliokuwa wameisoma kwa niaba yangu.

Deni hilo lilinijia mwaka uliopita. Kama wanafunzi wengi wa Uzamili, husaidia kusahihisha mazoezi ya wanafunzi wa miaka ya chini. Usiku mmoja nilikutana na insha iliyodai kwamba Kinjeketile ni kiongozi shupavu aliyewaunganisha watu wake dhidi ya mkoloni, na kwamba Kitunda ni mhusika msaidizi anayemjenga mhusika mkuu. Nilisita. Sentensi zile zilikuwa zangu, au zilikuwa za yule niliyemnakili mimi. Nikatambua kwamba nilikuwa nikijisahihisha mwenyewe, na sikujua nijipe alama gani.

Wakati huo nilikuwa nikisubiri pendekezo langu la utafiti lirejeshwe, na muda niliokuwa nao ulikuwa mwingi. Nikajiwekea nadhiri ya kusoma vitabu vitano vya tanzu mbalimbali, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sharti moja: nisishike kalamu. Nisitafute dondoo, nisihesabu tamathali, nisijiulize kitabu hiki kinaafiki nadharia ipi. Ninayoyaeleza hapa ni yale yaliyonipata katika safari hiyo, na maoni yangu kuhusu jinsi tunavyosoma sisi tunaojiita wanafunzi wa fasihi.

Nilianza kwa kulipa deni. Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 huko kusini mwa Tanganyika, vita vilivyoangamiza makumi ya maelfu ya watu, wengi wao kwa njaa. Kiongozi shupavu niliyemsifu katika insha yangu sikumwona. Niliyemkuta ni mtu anayeliogopa neno lake mwenyewe. Baada ya kupagawa na kuwaahidi watu maji yatakayowakinga na risasi, anatambua kwamba ndani ya ahadi ile mmekuwamo pia habari ya kuwa watoto wa Sultani wa Zanzibar pindi Wajerumani watakapoondoka. Ni uhuru gani huo wa kumtoa bwana mmoja na kumpokea mwingine? Anashuku kwamba amedanganywa, lakini amechelewa. Neno limekwisha kutoka, limekua, limemzidi kimo aliyelitamka. Watu wanataka vita, na Kitunda, yule niliyemwita mhusika msaidizi, ndiye anayejua kwamba askari hawaandaliwi kwa maji peke yake.

Mwishoni, Kinjeketile akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Nilikifunga kitabu nikakaa kitako kwa muda mrefu. Je, yafaa mtu ashikilie jambo asilo na hakika nalo kwa kuwa wengine wamelifia na wengine watalihitaji? Swali hilo halikuwamo katika kurasa zangu nane. Nilikuwa nimeliziba kwa neno moja, ushujaa.

Kitabu cha pili nilikichagua kwa sababu katika ukumbi wa mihadhara tulikuwa tukikitaja haraka haraka, kama mtu anayemtaja jamaa asiyependa aonekane naye: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Mswada wake ulishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la 1957 na 1958, ukachapishwa mwaka 1960. Huko ndiko tunakokutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, pamoja na rafiki yake Najum, katika Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964. Tumezoea kuziita kazi za aina hii fasihi pendwa, na tunapotamka neno hilo pendwa, sauti zetu hushuka kidogo, kana kwamba kupendwa na wasomaji ni dosari.

Nakiri kwamba nilikisoma hadi saa nane za usiku, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu shule ya msingi. Lakini sikupata burudani tupu. Mtu ameuawa, na mahali alipokutwa ni mzimuni, kwa hivyo jibu liko tayari vinywani mwa watu. Bwana Msa halipokei jibu lililo tayari. Huenda mwenyewe, hutazama, husikiliza anayesema na anayenyamaza, na kitu kidogo ambacho wengine wamekiruka ndicho anachokiokota. Nilijiuliza: mimi niliyeandika kuhusu tamthilia nisiyoisoma nilitofautiana vipi na askari anayeandika ripoti ya mauaji bila ya kufika mahali pa tukio? Riwaya tuliyoidharau ilinifunza kusoma kwa makini kuliko nadharia nyingi nilizozikariri.

Kitabu cha tatu kilinishinda mwanzoni. Mimi ni mtu wa bara. Kiswahili nilikipata darasani, kikiwa kimesanifishwa na kupigwa pasi. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla imetungwa kwa Kimvita, na kila baada ya mishororo michache nilikwama. Historia ya diwani hii wengi wetu tunaijua kwa ajili ya mtihani. Mtunzi alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu alichokiandika mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Baadhi ya mashairi aliyaandika gerezani kwenye karatasi za msalani. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu ni umri. Alizaliwa mwaka 1946. Alipoingia kizuizini alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, na mimi nalalamika kwamba pendekezo langu la utafiti limecheleweshwa.

Nilipokwama, nilimwendea jirani yangu bwenini, mzaliwa wa Mombasa anayesomea uhandisi. Nilitarajia anitajie maana za maneno. Hakunitajia hata moja. Alikichukua kitabu, akakohoa kidogo, akaanza kughani. Maneno ambayo machoni pangu yalikuwa mawe, sikioni yalitiririka. Nilipolisikia neno siwati, ambalo sisi wa bara tungesema siachi, sikuhitaji kamusi kujua kwamba mtu huyu hajasalimu amri. Kisha tukafika kwenye Mnazi: Vuta N'kuvute, shairi la majibizano baina ya Alii na Badi wanaougombea mnazi mmoja. Mwenzangu akawa Badi, mimi nikawa Alii. Tulianza kwa mchezo. Kabla hatujafika mwisho tulikuwa tumepandisha sauti, na kijana wa chumba cha pili akaja kuuliza kama kuna ugomvi.

Darasani niliambiwa kwamba shairi hilo ni la kisiasa na kwamba mnazi ni zaidi ya mnazi. Ni kweli. Lakini ni mpaka nilipomtetea Alii kwa kinywa changu ndipo nilipohisi jinsi mtu anavyoweza kujiona mwenye haki kamili huku mwenzake akijiona vivyo hivyo. Mwanafunzi wa uhandisi, ambaye hajapata kuhudhuria mhadhara wa fasihi, ndiye aliyekuwa mwalimu wangu siku hiyo.

Vitabu viwili vya mwisho nilivisoma sambamba kwa makusudi. Cha kwanza ni tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, nayo ikachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Heinrich Brode. Cha pili ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise. Riwaya ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ikachapishwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Tuzo ya Nobeli.

Tippu Tip anaandika kama mfanyabiashara anayefunga hesabu. Anatueleza safari, pembe za ndovu, mali aliyoikopa, vita alivyopigana na machifu waliomkubali au kumkataa. Nathari yake ni nyepesi na ya kasi, na nakiri kwamba nilivutiwa nayo. Hapo ndipo penye hatari. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kabla ya kujiuliza wako wapi waliobeba pembe hizo. Wapo, lakini wapo kama idadi. Majina yao ni nadra, na sauti zao ni nadra zaidi.

Peponi inatupitisha katika ulimwengu uo huo wa misafara, lakini kwa macho ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayechukuliwa na tajiri Aziz. Yusuf anamdhania kuwa ni mjomba, hadi Khalil, kijana mwenziwe wa dukani, anapomfunua macho: huyo si mjomba wako, wewe umewekwa rehani kwa deni la baba yako. Baada ya hapo niliirudia tawasifu, na kila nilipokuta habari ya deni nikawa naona mtoto nyuma yake. Kitabu kimoja ni daftari la bwana wa msafara, kingine ni hofu ya aliyeandikwa ndani ya daftari. Katika mipango yetu ya masomo, hata hivyo, tawasifu hii huachiwa wanahistoria, na Gurnah huachiwa Idara ya Kiingereza. Sisi wa Kiswahili, tulio na lugha ya vitabu vyote viwili, tunabaki mlangoni kama wageni.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba vitabu ni ghali, kwamba maktaba ina nakala mbili kwa wanafunzi mia, kwamba mihula ni mifupi. Hayo ni ya kweli, na siwezi kuyafumbia macho, maana hata mimi vitabu vitatu kati ya vitano niliviazima. Nitaambiwa pia kwamba uhakiki ni taaluma, na taaluma haiendeshwi kwa hisia za msomaji mmoja. Nakubali. Siwaombi wenzangu watupe nadharia. Ninachodai ni kwamba nadharia ni chombo cha kukifanyia kazi kitu, na kitu chenyewe ni matini. Ikiwa matini hatujaigusa, kazi inayofanywa ni ipi?

Kwa hivyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, wahadhiri wetu waheshimiwa watutungie maswali ambayo miongozo haiwezi kuyajibu. Swali la kujadili maudhui ya ukombozi laweza kujibiwa na asiyekigusa kitabu, na mimi ni ushahidi. Swali kuhusu kwa nini mhusika ananyamaza katika onyesho fulani haliwezi. Pili, chama chetu kianzishe mduara wa kusoma kwa sauti, mara moja kwa wiki, mashairi na tamthilia hasa, na milango iwe wazi kwa wanafunzi wa idara nyingine. Nakala moja yatosha watu kumi ikiwa mmoja anasoma na tisa wanasikiliza. Tatu, kila mmoja wetu asome angalau kitabu kimoja kila muhula ambacho hatakiandikia chochote.

Ama kuhusu ile insha iliyonikumbusha deni langu, nilimwita mwandishi wake. Alikuja akiwa na hofu, akidhani nitamshtaki. Nilimweleza kisa changu chote kama nilivyowaeleza nyinyi, kisha tukaketi chini ya mti nje ya maktaba tukasoma Kinjeketile kwa zamu. Tulipofika mwisho aliuliza, "Mwalimu, mbona hakusema tu ukweli?" Nikamwambia hilo ndilo swali la insha, na kwamba mimi mwenyewe sijapata jibu linalonitosha.

Yeye ameiandika upya yake. Mimi pia nimeitoa ile yangu ya zamani kutoka sandukuni na kuanza kuiandika upya, ingawa hakuna atakayeisahihisha. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nane. Hii mpya, hadi sasa, ina kurasa tatu.