Usimhukumu Mtoto kwa Kipimo Kimoja



Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya kosa langu mwenyewe, na juu ya elimu iliyonifumbua macho nikiwa mtu mzima.

Katika madrasa yangu hapa Dindira watoto husoma kwa mafungu mawili, la asubuhi na la alasiri. Kila mwaka niliona kwamba wa asubuhi huhifadhi zaidi. Nikawatangazia wazazi kuwa kichwa hushika zaidi asubuhi, na hapana aliyenipinga. Kijana mmoja wa alasiri, umri wake miaka 11, alishindwa kunisomea sura niliyompa. Nikamwambia baba yake, na mtoto mwenyewe akisikia, kwamba huyu ni mzito, afadhali afundishwe kazi ya mikono. Mtoto hakurudi tena.

Likizo iliyopita alikuja kuniamkia binti mmoja niliyemsomesha zamani, ambaye sasa yuko chuo kikuu. Anajifunza elimu ya nafsi, yaani ile inayochungua jinsi akili inavyofahamu, inavyokumbuka na inavyosahau. Nikamweleza habari yangu ya asubuhi na alasiri. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Maalim, hao wanaokuja asubuhi ni watoto wa nani?"

Nikafikiri. Ni wale wanaokaa karibu na msikiti, ambao wazazi wao huwaamsha na kuwasikiliza nyumbani. Wa alasiri hutoka ng'ambo ya mashamba ya chai; huja kwa miguu wakiwa wamekwisha shinda shule, na wengine hawajala kitu.

"Basi, Maalim," akasema, "hukupima saa. Umepima nyumba."

Neno hilo lilinichoma, lakini lilikuwa kweli. Nikamwomba anifundishe namna ya kupima, naye akanieleza hivi.

Kwanza, swali liandikwe kabla ya kuanza, ili mtu asije akageuza swali lake baada ya kuona jawabu. Pili, libadilishwe jambo moja tu, na mengine yote yawe sawasawa. Tatu, mwalimu asichague nani aingie fungu gani, kwa kuwa moyo una upendeleo, ipigwe kura. Nasi kura si ngeni kwetu, kwani tumesoma jinsi ilivyopigwa ili ajulikane atakayemlea Bibi Maryam. Nne, anayewasikiliza watoto asijue nani alisoma saa gani, maana sikio nalo husikia linalolitaka.

Wala kulinganisha mafungu si jambo la jana. Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwaka 925, aliandika kwamba katika maradhi fulani ya kichwa aliwatoa damu wagonjwa wa fungu moja, na fungu jingine akaliacha makusudi ili apate kujua hukumu ya dawa ile. Akaona kuwa kutoa damu kunafaa. Leo twajua kwamba si tiba ya maradhi yale. Njia yake ilikuwa na nuru, lakini hapana kura iliyowagawa wagonjwa wale. Kwa hivyo mwenye akili kubwa naye aweza kukosea akikosa utaratibu.

Kisha binti yule akanipa habari iliyoninyima usingizi. Huko Bagamoyo, Robert Sternberg na Elena Grigorenko, pamoja na wenzao wakiwemo Watanzania, waliwapima watoto wa shule 358 wa miaka 11 hadi 13. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2002. Watoto walipewa kazi za kupanga vitu kwa mafungu, kutoa natija katika maneno waliyoelezwa, na kutafuta jambo lililofichwa kwa kuuliza maswali ya ndiyo na siyo. Baada ya kipimo cha kwanza walifundishwa njia ya kila kazi kwa dakika chache tu, 5 mpaka 10, kisha wakapimwa tena. Likawekwa pia fungu jingine lililopimwa mara mbili bila ya kufundishwa, ili ijulikane kwamba maendeleo hayakuletwa na mazoea tu.

Waliofundishwa waliendelea kuliko wale wasiofundishwa. Lakini la ajabu zaidi ni hili: katika fungu lisilofundishwa, aliyekuwa juu mara ya kwanza kwa kawaida alibaki juu, katika fungu lililofundishwa safu zilichanganyika sana, na kipimo cha kwanza hakikuweza kutabiri vema nani atakuwa juu katika cha pili. Yaani yule aliyeonekana mzito, pengine hakuwa mzito. Hakuwa ameonyeshwa njia. Na dakika 10 zilitosha kumdhihirisha.

Nami yule kijana wangu nilimpima mara ngapi? Mara moja.

Nilikwenda kwao kwa miguu, nikamwomba radhi baba yake, na mtoto vile vile. Amerudi. Sisemi kwamba amekuwa hodari. Bado ni mapema, na hukumu za haraka nimeziacha.

Likizo ijayo, wazazi wakiridhia na wenye mamlaka wakitoa kibali, tutamsaidia binti yetu kupima swali la saa. Kila mtoto atasoma asubuhi kwa wiki moja na alasiri kwa wiki nyingine. Nusu wataanza na hii na nusu na ile, kwa kura. Hivyo kila mtoto atalinganishwa na nafsi yake, wala si na jirani yake. Vipande vya kuhifadhi vitakuwa vya urefu mmoja, wote watapewa uji kwanza, na atakayewasikiliza ni mwalimu wa kijiji kingine asiyejua zamu zao. Mtoto atakayekataa hatalazimishwa. Jawabu silijui, na safari hii nimeridhika kungoja.

Enyi vijana, msiidharau elimu hii mkidhani ni ya maabara za ng'ambo tu. Nanyi wazazi, kabla hamjasema "huyu hana kichwa", jiulizeni: amelala? Amekula? Ameonyeshwa njia? Amejaribiwa tena? Neno la mzazi au mwalimu ni zito, na mtoto hulibeba miaka mingi.

Wallahu a'lam. Wassalaam.