Usitupe Tengo la Gari Lako

“Toa hiyo stebilaiza ya nyuma, bosi. Porini haina kazi.” Pita gereji za Kibiti na Prado yako, sema unaelekea Mloka au Nyamisati, ushauri huo hutaukosa. Chuma kinafunguliwa, kinatupwa nyuma ya kibanda, nawe unaondoka ukijiona dereva wa mashindano. Umedanganywa.

Stebilaiza ni fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Yote mawili yakipanda au kushuka pamoja, fimbo inazunguka tu kwenye bushi zake, haizuii kitu. Moja likipanda peke yake, au bodi ikilala kwenye kona, fimbo inajisokota na kuivuta irudi.

Sasa niambie, kwenye mfinyanzi wa bonde la Rufiji wakati wa masika, gari hunasa kwa nini? Magurudumu yote yamezama, meno ya tairi yamejaa tope, difu imekalia ardhi. Hapo stebilaiza haijamkosea mtu. Kinachokutoa ni tairi nzuri, jembe na vijana wa kusukuma.

Nakubali jambo moja. Njia ikikatwa mshazari na makorongo, chuma hicho huzuia gurudumu kushuka vya kutosha, likabaki linazunguka hewani. Nissan walilijua hilo: baadhi ya Patrol Y61 walizifungia swichi ya kuiachia stebilaiza ya nyuma. Lakini waliweka swichi, hawakuitupa. Ukitoka korongoni, unairudisha kazini.

Na korongoni tunakaa dakika ngapi? Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti ni lami, tena lami ya malori ya Lindi na Mtwara. Juu ya keria umepanga magunia ya korosho, ndani watu wamebanana. Bodaboda inachomoka pale Jaribu Mpakani, unakata usukani ghafla. Bila stebilaiza ya nyuma, gari linalala zaidi, na ya mbele inabaki kupambana na kulala huko bila mwenzake. Hapo ndipo utakikumbuka kile chuma.

Watasema pikapu nyingi hazina stebilaiza ya nyuma. Kweli, zimetoka hivyo kiwandani, na springi zake ni zile ngumu za vyuma bapa. Prado yako ina koili laini nyuma, na iliundwa chuma hicho kikiwepo.

Tuache kusingizia pori. Stebilaiza nyingi hutolewa kwa kuwa zinagonga: bushi zimeisha, linki zimelegea, na kufungua ni rahisi kuliko kununua.

Nyamisati, mahali barabara inapoishia na vyombo vya majini vinapoanza, mtazame mwenye ngalawa. Tengo, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isilale, likilegea, hulikaza kamba. Hajawahi kulitupa baharini eti linapiga kelele. Nawe kanunue bushi.